Kuyatawala Maji: Mwongozo wa Kuipima Sandwichi Isiyo na Nyama

Anayesema kwamba sandwichi isiyo na nyama haishibishi huwa na haki kuhusu sandwichi aliyopewa, ila sababu huitafuta mahali pasipo. Hulaumu kitu kisichokuwepo, yaani nyama, asivichunguze vilivyopo. Itazame ile inayoitwa sandwichi ya mboga katika mikahawa mingi ya Kenya, kuanzia Nairobi hadi miji ya majani chai kama Kericho, Litein na Bomet: slesi mbili za mkate mweupe, siagi iliyopakwa katikati tu kwa haraka, vipande vya nyanya, vipande vya tango, na kabeji mbichi iliyokatwakatwa. Nyanya ni maji kwa takriban asilimia 95. Tango ni vivyo hivyo. Kabeji ni asilimia 92. Mkate wenyewe una maji kama asilimia 37 tu. Vitu hivi vikikaa pamoja, maji huhama kutoka palipo mengi kwenda palipo machache, na baada ya nusu saa mkate umelowa, nyanya zimesinyaa, na mlaji ameshika kitu kinachomporomokea mkononi. Njaa humrudia mapema kwa kuwa alichokula kilikuwa maji yenye rangi na wanga kidogo. Ninashikilia basi kwamba ufundi wa sandwichi isiyo na nyama ni ufundi wa kuyatawala maji. Dalili zote za ubora zinazostahili kutazamwa, iwe uso wa mkate, mkunjo wa chapati au uzito wa rojo la maharagwe, hujibu swali hilo hilo: maji yako wapi sasa, na yatakuwa wapi saa ya kula?

Nyama ilikuwa ikifanya kazi kadhaa kwa mpigo bila mtu kuzihesabu. Nyama ya ng'ombe iliyookwa nayo ina maji, karibu asilimia 60, lakini yameshikwa ndani ya nyuzi za protini na hayatoki ovyo. Ina mafuta, ambayo huzuia unyevu usipenye mkate na hubeba harufu ya viungo. Inayapa meno kazi. Ina pia ule utamu wa kina ambao mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo aliuchunguza katika mchuzi wa mwani na kutambua kwamba unatokana na glutamati. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi iliyo mali ya nyama peke yake. Utamu aliouchambua Ikeda ulitoka katika mwani. Maharagwe hushika maji kwa wanga na protini yake. Avokado, karanga na maziwa hutoa mafuta. Uyoga na nyanya zilizopikwa hadi zikauke huleta kina cha ladha, na kitunguu kilichokaangwa polepole hadi kiwe kahawia huongeza kina cha namna yake. Anayekimbilia soya iliyoundwa ifanane na soseji ananunua sura kabla ya kujiuliza ni kazi gani iliyokosa mfanyakazi.

Nchi ya majani chai huitahini sandwichi kwa namna ambayo meza ya hoteli haiwezi. Huku chakula hubebwa. Mchumaji hutoka nacho asubuhi. Mkulima mdogo hukaa nacho kwenye kituo cha kununulia majani akisubiri lori la kiwanda. Mwanafunzi hukitia kwenye mkoba. Huliwa saa nyingi baada ya kutengenezwa, mara nyingi mtu akiwa amesimama, mkono wa pili umeshika kikombe cha chai. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, una mvua nyingi na baridi ya asubuhi. Ukiteremka kuelekea magharibi, kupita Sigowet hadi Soin, Kaplelartet na Soliat, majani chai yanakwisha, miwa inaanza, na jua linachoma. Mteremko huo unabadilisha sheria za jikoni. Juu kwenye baridi mkate huwa mgumu upesi, kwa maana wanga ulioiva hujipanga upya haraka zaidi kadiri joto linavyoshuka kukaribia sifuri. Ndiyo sababu friji huuharibu mkate. Chini Soin mkate hubaki laini zaidi, lakini vya ndani huchacha mapema. Sandwichi nzuri ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali itakapoliwa, na mpimaji anayeionja mara tu inapotoka mezani kwa mpishi hajaipima bado. Aingoje masaa matatu.

Tuanze na mkate, kwa kuwa ndio unaoshindwa kwanza. Bonyeza slesi kwa kidole gumba kisha uachilie. Mkate wenye nguvu hurudi taratibu mahali pake. Mkate dhaifu hubaki na shimo, au hugeuka donge ukiufinya. Udhaifu huo una historia. Mwaka 1961 watafiti wa Chorleywood, Uingereza, walibuni njia ya kuukanda unga kwa mashine zenye kasi kubwa ili kufupisha muda wa kuuacha uumuke, na mbinu za namna hiyo zikaenea katika viwanda vya mikate duniani. Zilitoa mkate mwepesi, wa bei nafuu na unaolingana kila siku, lakini ambao haukupewa muda wa kujenga ladha wala uimara. Mkate huo si wa kutupwa. Unahitaji kuchomwa, tena upande mmoja tu wa kila slesi, na upande huo uliochomwa ndio uelekee ndani. Uso uliokauka huchelewesha unyevu, na uso wa nje hubaki laini kwa midomo. Ukipata mkate usiokatwa, kata mwenyewe slesi za unene wa sentimita moja na nusu. Usidanganywe na rangi ya kahawia. Soma kwenye karatasi yake kama unga wa ngano nzima ndio uliotajwa kwanza, maana rangi yaweza kutoka kwenye sukari iliyounguzwa.

Kwa vya ndani vyenye rojo, hata hivyo, naiweka chapati mbele ya mkate. Chapati haina vitundu vya kunyonya maji, na mafuta yaliyopakwa kati ya tabaka zake hujenga ukuta baada ya ukuta. Ndiyo siri ya chapati na maharagwe kuvumiliana kwenye sahani za Kenya nzima, na ndiyo siri ya rolex ya Uganda, chapati iliyoviringishiwa mayai, ambayo kufikia 2016 ilikuwa imepata tamasha lake Kampala. Mtihani wa chapati ni mkunjo. Ikunje mara mbili ikiwa imepoa, kwa kuwa chapati ya moto huficha madhaifu yote. Ikipasuka ukingoni, unga ulikandwa ukiwa mkavu au haukupumzishwa. Nusu saa ya kupumzika chini ya kitambaa ingetosha. Ikiacha mafuta yanayotiririka kwenye vidole, mpishi alijaribu kuficha ukavu kwa mafuta. Ikifunguka ikaonyesha tabaka nyembamba zinazoachana bila kukatika, hiyo ndiyo.

Maharagwe ndiyo moyo wa jambo hili. Sokoni yapo ya kila rangi: Rosecoco yenye madoadoa mekundu, ambayo mradi wa utafiti wa mikunde wa Thika uliipa namba GLP 2, Canadian Wonder nyekundu iliyokolea, GLP 24, Mwitemania, GLP 92, na yale madogo mekundu yanayoitwa Wairimu. Kwa sandwichi mimi huichagua Rosecoco, kwa sababu wanga wake hutoka vizuri na rojo lake hushikana. Lakini umri wa maharagwe una uzito kuliko jina lake. Yaliyowekwa muda mrefu kwenye joto na unyevunyevu huwa sugu: hupikwa mchana kutwa na katikati yakabaki na punje ngumu. Mnunuzi wa Soin ana sababu zaidi ya kuuliza yalivunwa lini. Mpishi wa Kericho naye ana tatizo lake. Kwenye mita 2,000 maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi badala ya 100, na huko Soin kwa nyuzi 95 au zaidi kidogo; maharagwe yale yale huchukua muda mrefu zaidi juu kuliko chini, na kitabu cha mapishi kilichoandikwa Mombasa hakiwezi kuwa saa ya jikoni ya Kericho. Sufuria ya presha humaliza ubishi huo. Asiye nayo aloweke usiku kucha, amwage maji hayo, kisha achemshe kwa nguvu. Kuchemsha kwa nguvu si mapambo: maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha, ambayo huharibika kwa mchemko wa kweli wa dakika zisizopungua 10 na zaidi ya hapo huko juu, wala haiondoki kwa moto wa kufukizia. Nyanya zisitiwe mpaka maharagwe yalainike, kwani uchachu huyachelewesha. Magadi huyaharakisha, lakini mpimaji mzuri huyatambua mara moja: harufu ya sabuni, na ganda lililoyeyuka kuwa utelezi.

Maharagwe yakishaiva, kazi ya sandwichi ndiyo inaanza, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Maharagwe ya kulia wali huhitaji mchuzi. Ya sandwichi mchuzi ni adui. Kaanga kitunguu kwa moto mdogo hadi kiwe kahawia, tia nyanya uzikaange hadi mafuta yajitenge, ndipo maharagwe yaingie na kupondwa, lakini theluthi moja ibaki nzima ili meno yapate kazi. Endelea kukaanga. Pitisha mwiko kwenye kitako cha sufuria: njia ikibaki wazi bila rojo kurudi kuifunika, yametosha. Kisha yaache yapoe kabisa na uyaonje yakiwa baridi, maana wanga huganda yakipoa na chumvi haisikiki sana kwenye chakula cha baridi. Maharagwe yaliyokolea chumvi yakiwa ya moto yatakuwa chapwa shambani. Ndengu na kamande hufuata sheria hizi hizi kwa muda mfupi zaidi, na karanga zinazopatikana katika soko la Sondu, pale mpakani ambako Wakipsigis na Waluo huuziana mazao ya juu na ya chini, zikikaangwa na kusagwa nusunusu ndani ya kamande huongeza mafuta na mtafuno pamoja.

Avokado husifiwa kupita kiasi na kuchaguliwa ovyo. Ina maji asilimia 73 na mafuta kama 15, na mafuta hayo hujengeka tunda likiwa mtini tu. Likichumwa changa hulainika kwa hila, likanywea na kuwa la mpira, bila utamu. Hass yenye ganda la vipele, ambayo wakulima wengi wa Kericho na Bomet wameipanda kwa ajili ya soko la nje, ina mafuta mengi na hugeuka nyeusi ikiiva. Fuerte hubaki kijani na huhitaji mkono: ibonyeze karibu na kikonyo. Zile kubwa za kienyeji nyingine ni tamu sana na nyingine ni maji matupu, kwa hiyo onja kabla ya kununua debe. Kazi yake kwenye sandwichi ni ile ya siagi. Iponde kwa ndimu na chumvi, uipake hadi kwenye ukingo kabisa wa mkate, kwa kuwa pembe iliyoachwa bila mafuta ndiyo mlango wa maji. Vipande vinene vilivyopangwa juu ya mkate mkavu hupendeza machoni na huteleza nje kwenye tonge la kwanza.

Mboga za majani hapa zina faida ambayo letasi ya hotelini haina: zina ladha. Saga na managu ni chungu, na uchungu huo ndio unaouvunja uzito wa maharagwe na avokado. Wapishi wa Kikipsigis wamejua siku zote kwamba saga ikichemshwa, ikatiwa maziwa au malai na kulala usiku mmoja, hupoteza ukali na kubaki na heshima yake. Kwa sandwichi iongezwe hatua moja: kuikamua. Ifinye ndani ya ngumi. Tone likidondoka, bado. Kabeji na kachumbari nazo zitiwe chumvi na kuachwa dakika 20, kisha zikamuliwe bila huruma. Chumvi huvuta nje maji ambayo vinginevyo yangeingia kwenye mkate, na kabeji iliyokamuliwa hulia chini ya meno kuliko ile mbichi.

Kwa uchachu, sioni sababu ya kununua chupa ya mayonezi wakati nyumba nyingi zina maziwa lala. Yachuje kwenye kitambaa safi kilichoning'inizwa usiku kucha. Maji yatadondoka na kitakachobaki ni kitu kizito, chachu, chenye kukaa juu ya kisu. Mursik, yaani maziwa lala ya kibuyuni ya Wakipsigis, ikichujwa hivyo inapita yote. Mkaa wa mti wa senetwet unaosuguliwa ndani ya kibuyu huacha harufu ya moshi, na moshi ni sehemu kubwa ya kile ambacho watu hukililia wanapoililia nyama choma.

Mpangilio una mantiki moja: mafuta yaguse mkate, chenye unyevu kikae katikati. Sandwichi ya mboga ya vibanda vya Mumbai ni ushahidi mzuri, maana ina nyanya, tango, vitunguu na viazi, vyote hatari, lakini huanza na siagi iliyopakwa pande zote mbili hadi ukingoni, kisha chatini nzito ya dhania, na kiazi kilichochemshwa hukaa humo kikinywa unyevu wa jirani zake. Misri nayo hujaza mkate kwa ful, yaani maharagwe ya fava yaliyopondwa, au kwa taamiya, vidonge vya maharagwe hayo hayo vilivyokaangwa. Ni chakula cha asubuhi cha mamilioni ya watu wenye kazi ngumu.

Hapa atainuka msemaji wa kwanza: hii ni nchi ya wafugaji, ng'ombe ni mali na heshima, na chakula bila nyama ni cha masikini au cha mgonjwa. Namheshimu, lakini anachanganya karamu na siku ya kawaida. Mfugaji hachinji kila siku. Chakula cha kila siku cha Mkipsigis kilikuwa kimyet (ugali), mboga za majani na mursik, na kwa chakula hicho watu walilima, walichunga na walikimbia. Tena si kweli kwamba ukarimu bila nyama ni mgeni Kericho. Katika gurudwara ya mji huo, hekalu la Masingasinga linalohusishwa na Baba Puran Singh, aliyeishi na kufanya kazi Kericho kabla ya kuhamia Uingereza alikofariki mwaka 1983, yeyote anayeingia hupewa chakula bure, dali, mboga na chapati, bila nyama na bila kuulizwa dini yake. Na kule Baraton katika kaunti jirani ya Nandi, chuo kikuu cha Waadventista kimewalisha wanafunzi wake bila nyama tangu miaka ya 1980. Hao wote hawawezi kuwa wagonjwa.

Msemaji wa pili ana hoja nzito zaidi, ya nguvu mwilini. Atasema gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa zina protini karibu 26, na maharagwe yaliyopikwa yana 9 tu. Hesabu ni sahihi, mlinganisho sio. Hakuna anayeweka gramu 100 za nyama kwenye sandwichi ya kununua. Huwekwa kipande chembamba cha gramu 40 au 50, chenye protini 10 hadi 13. Gramu 120 za maharagwe ni protini karibu 11, na slesi mbili za mkate huongeza kama 5. Kinachokosekana kwenye maharagwe kipo kwenye ngano, na kinachokosekana kwenye ngano kipo kwenye maharagwe. Juu ya hapo kuna nyuzinyuzi, ambazo nyama haina hata chembe, na ndizo zinazoifanya shibe idumu hadi jioni. Jambo moja nampa bila ubishi: maharagwe hayo yawe mengi kweli. Mpishi anayepaka kijiko kimoja akaita sandwichi ya maharagwe anastahili lawama zote.

Wa tatu atalalamika juu ya muda. Ni kweli, maharagwe hayapikwi alfajiri. Hupikwa jioni pamoja na chakula cha usiku, nusu ikaliwa na mchuzi wake na nusu ikakaushwa kwa ajili ya kesho. Saga inayolala usiku na maziwa yanayochujwa usiku havihitaji mtu wa kuvilinda. Asubuhi inabaki kazi ya dakika chache, na kosa moja la mwisho la kuepuka, ambalo ni kufunga chakula kikiwa cha moto. Mvuke ukifungiwa ndani hugeuka maji juu ya mkate, na kazi yote ya jana inapotea. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, wengi wamerudia karatasi na vitambaa, na kwa sandwichi hiyo ilikuwa baraka, kwa sababu karatasi hupumua. Ifunge ikiwa imepoa, kwa karatasi iliyokazwa vizuri ili vya ndani vishikane, na uikate katikati utakapoila. Kericho itafika saa saba mchana ikiwa salama. Soin, chini ya jua, iliwe saa nne pamoja na chai, na iliyobakia na maziwa ndani yake isingoje mchana.